Mlinzi wa Mlango wa Tatu

Mtu wa sita kudai kwamba yeye ndiye mlinzi wa mlango wa tatu alikuwa mfupi, wa kufika kiunoni mwa mlango wenyewe. Zabron akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Huyo naye?" mama yake, Eliza, aliuliza huku akiinama kutoka mlango wa jiko. "Huyo si ungempa ngazi kwanza?"

"Mama, usinicheke. Nimekwama."

Alikuwa amekwama kweli. Tamthilia ya Sayari ya Ukungu walikuja kuishuti mwaka juzi hapo juu, msitu wa Magamba, maana ukungu wa pale ni wa bure. Nusu ya Lushoto ilikimbilia huko kuwa wanajeshi wa angani. Zabron alikuwa bwenini anakariri kemia. Mama alikuwa Rangwi kufuata mbegu za viazi, tena akarudi bila mbegu. Halafu, yeye si ndiye mwenyekiti wa kwaya? Akina mama wote waliokwenda Magamba aliwasema mwezi mzima. Eti watu wazima, wanachezea televisheni!

Sasa Zabron kamaliza fomu siksi, yupo yupo tu, na kitu anachokitaka duniani ni kimoja: kuandika. Kuna wachapishaji Tanga wameruhusiwa kutoa riwaya za tamthilia hiyo. Mhariri wao, Dada Husna, alimwambia kwenye simu:

"Nahodha na wakubwa wenzake wameshachukuliwa na waandishi wenye majina. Wewe mpya, chukua mtu wa pembeni. Wale wanaopita nyuma. Ila aliyemwigiza asaini kwamba kakubali. Mwisho Jumamosi. Bila saini, mdogo wangu, hakuna kitabu."

Zabron akamchukua mlinzi. Jamaa anaonekana mara moja tu, sehemu ya nne, helmeti imefunika sura yote, hasemi neno. Nahodha, mzee wa mvi, anakuja. Mlinzi anakunja magoti kidogo, kichwa kinalalia bega la kulia, mkono wa kushoto unashika kiuno. Mlango unafunguka. Basi, kwisha.

Kile kipande Zabron alikirudia kwenye simu mpaka simu ikawa ya moto. Yale magoti! Aliandika sura nzima kuhusu saluti ya siri ya majeshi ya sayari. Pale kiunoni akaweka kitufe: mlinzi akikibonyeza, majoka ya chuma yanayeyuka kama mafuta ya kondoo. Akampa ndevu hadi kifuani. Akampa na wake watatu, kila mmoja na mwezi wake.

"Watatu?" mama alisema siku aliyosomewa sura hiyo, anamenya viazi. "Na mlango analinda saa ngapi?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Mtu kavalishwa ndoo kichwani, unamwozesha wake watatu."

"Siyo ndoo, ni helmeti."

"Helmeti ina mshikio kwa nyuma?" Akatupa kiazi kwenye sufuria.

Zabron akarudi kwenye karatasi zake, maana mama hakuwa wa kubishana naye wiki hiyo. Walishakubaliana: saini isipopatikana, Jumamosi Babu Timotheo, mjomba wake mama, anapita na pikapu. Zabron anapanda, anateremka Korogwe kuuza misumari dukani kwa babu. Riwaya ataandikia mbele ya safari.

Ijumaa akaja Jamali wa bodaboda, mrefu kama mkaratusi, pikipiki bado inanguruma.

"Mghosi, acha kuhangaika. Yule ni mimi."

Moyo wa Zabron ukaruka. "Kweli kaka? Ile helmeti ilikuwaje?"

"Chuma tupu! Shingo iliniuma wiki nzima."

Jikoni mtu akakohoa.

"Hebu piga ile saluti."

Jamali akajinyoosha, akapeleka mkono kwenye paji la uso, akabana visigino kama askari wa trafiki.

"Na magoti je?"

"Magoti?" Jamali akashangaa. "Mwanaume mzima nikunje magoti? Kwa nani?"

Akaondoka amenuna, na tumaini la mwisho likaondoka naye, likikata kona ya kushukia mjini.

Jumamosi ukungu ulikuwa haujaachia migomba pikapu ilipopiga honi. Zabron alikuwa kibarazani, begi mkononi, riwaya yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni asije akalowa mlinzi. Macho mekundu. Akisema ni moshi wa jikoni, nani atambishia?

Babu Timotheo akashuka taratibu, mvi kichwa kizima.

"Huyu ndiye mwandishi wetu?" akacheka. "Usihuzunike, mume mwenzangu. Hata misumari ina hadithi, ukiigonga vizuri."

Mama akainama mlango wa jiko, akatoka. Akamwangalia mwanawe, akaangalia begi, akaonekana kama ana neno. Lakini mkubwa kasimama mbele yake, na heshima kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

Akakunja magoti kidogo. Kichwa kikalalia bega la kulia. Mkono wa kushoto ukashika kanga kiunoni, isidondoke.

Begi la Zabron likaanguka chini.

"Marahaba, mwanangu," babu akajibu. "Mbona huyu kijana kaganda?"

Mama akaona anavyotazamwa. Akageuka kuangalia barabarani, huku na huku, kama kuna mtu wa kwaya anapita. Hakuna. Akanyoosha mkono.

"Lete kalamu," alisema kwa sauti ya chini. "Na hizo ndevu unazitoa."