Kifo cha Tisini na Moja

Mmarekani alianguka chali katikati ya majani chai, na Mongina, mchuna chai aliyechukuliwa kusimama mbele ya kamera na kikapu chake mgongoni, hakutingishika. Ndivyo yeye na wachuna chai wenzake walivyokuwa wameagizwa.

Asubuhi yule Mmarekani mzee alikuwa amemwambia, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mama, usiogope. Mimi nimekufa sinema tisini."

Kambi nzima ya wachuna chai iliijua sura yake. Katika sinema alishakuwa askari, mlevi, mwizi wa farasi. Jina lake hakuna aliyelijua.

Kisha Mongina akawaona siafu.

Walitoka chini ya mti wa chai, wakapanda mkono wa mzee uliolala wazi, wakaingia ndani ya shati. Mmoja alifika kwenye kope. Kope haikucheza.

"Mtu asitingishike," mkalimani alinong'ona. "Dairekta anasema hajawahi kuona mtu akifa vizuri hivi."

Kwa miaka kumi na saba ya kuchuna chai, Mongina alikuwa ameona wanaume wazima wakivua suruali mbele ya mama mkwe kwa sababu ya siafu wawili tu. Hakuna mtu aliye hai anayelala juu ya siafu akatulia.

Akatupa kikapu, akakimbia.

Alipiga magoti, akampangusa siafu usoni, akaweka kiganja chini ya pua yake. Akangoja. Hakuna pumzi iliyokigusa.

Nyuma yake kamera ilikuwa bado inazunguka. Dairekta alisema kitu polepole, na mkalimani akatafsiri.

"Anasema vizuri sana, mama. Sasa lia."