Kikombe cha Daktari

Haya alinisimulia Mashavu juzi, tukichambua mchele. Wifi yake, Tunu, alikuwa na sonona. Miezi mitatu hacheki, usingizi hauji. Daktari wa mbali akimpigia simu ya video, Tunu anageukia ukuta.

"Mtu hata chai sijampa, nimwambie ya moyoni?"

"Basi mpe, wifi!" Mashavu akaiegemeza simu, daktari akiwa bado hewani, kwenye kopo la sukari.

Tunu akainuka, akamimina chai kikombeni, akakiweka mbele ya simu. "Karibu, daktari. Sukari kidogo tu."

Daktari akacheka, akainua kikombe chake huko aliko. "Ahsante, mama. Nimeshakaribia."

Tunu naye akacheka, ndipo akaanza kusema. Alisema mpaka chai ikapoa.

Simu ilipokatwa, Mashavu hakuthubutu kukigusa kikombe cha mgeni. Kilibaki kimejaa, na kando yake, mkekani, mchana kweupe, Tunu amelala.