Mstari Mmoja wa Esinam

Mkono wa kulia wa Esinam ulikuwa umejaa pilipili ya kenkey, donge la unga wa mahindi alilokuwa akila mezani pake, bosi aliposimama nyuma ya kiti chake.

"Hicho kikorokoro chako cha kukuandikia maswali ya hifadhidata ni uvivu tu. Mimi yangu huyaandika mwenyewe, moja moja."

"Sawa, bosi. Hospitali zote zinazotumia programu yetu zinataka safu ya 'simu' iitwe 'simu ya ndugu', leo hii. Wewe utabadilisha wapi?"

"Kila mahali," bosi akajibu, sauti ikimpungua.

Esinam akabadilisha mstari mmoja, ule wa jina la safu, kwa mkono wa kushoto. Kikorokoro kikayaandika upya maswali yake yote, na majaribio ya programu yakawaka kijani kutoka juu hadi chini: yote yamefaulu.

"Mkono wa kushoto mbele ya mkubwa wako!" bosi akafoka, huku akivuta kiti. "Haya, sogea. Tuanze kufuta maswali yangu."