Kufika Peke Yake

Mwalimu Wilaiwan alijibanza nyuma ya magunia ya uduvi mkavu, akaiona fimbo nyeupe ya Kritsada ikigusa ukingo wa gati na kusimama. Mbele yake kulikuwa na maji tu. Mwalimu aliuma kidole ili asipige kelele.

Kijana akageuka kushoto, akapapasa mnyororo, akashuka kwenye kivuko kama mtu anayeingia sebuleni kwao.

"Kaa huku mbele, mdogo wangu, upate kuona mandhari!" nahodha alimtania.

"Nimeshaiona, kaka. Ilikuwa nzuri mpaka wewe ulipoiziba."

Abiria wakaangua kicheko. Wilaiwan, aliyeficha uso kwa kofia pana ya jua, aliingia wa mwisho akakaa nyuma kabisa. Alikuwa amemwahidi Kritsada kwamba leo, siku yake ya kwanza kazini, hatamfuata. Ahadi ilimshinda.

Wanafunzi waliotangulia kumaliza katika shule yake ya wasioona walikuwa wamerudi makwao. Mmoja aliuza tiketi za bahati nasibu sokoni; wengine walikaa tu barazani kama mitungi. Wilaiwan alikuwa akiwatembelea, na kila alipotoka huko chakula kilimkataa. Huyu, alijiapia, hatakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu katika ofisi za kiwanda cha samaki wa makopo. Sheria ilikuwa imekibana kiwanda kile kiajiri mlemavu, na Bibi Patcharin, afisa wa wafanyakazi, hakuwa na masharti mengi.

"Anaishi ng'ambo ya mto?" alimuuliza Mwalimu kwenye simu.

"Ndiyo, lakini..."

"Na kwao hakuna gari?"

"Hawana, Bibi."

"Masikini. Basi huyohuyo."

Akaupeleka mkataba mwenyewe mpaka nyumbani, akamshika Kritsada kidole gumba na kukichovya kwenye wino, akamwachia mamake kikapu cha machungwa. "Msijisumbue kwa lolote," alisema mlangoni. Wilaiwan alimwona ni mtu anayetafuta thawabu, akaazimia kutomwaibisha. Kijana hatasubiriwa na mtu, wala hatabebwa na mtu. Likizo yote ya msimu wa joto, kila siku baada ya soko la asubuhi kutulia, mwalimu na mwanafunzi walikuwa njiani wakifanya mazoezi.

Mamake hakutaka hata kusikia. "Mwalimu, wewe huna mtoto," alimwambia. "Akigongwa, utakuja na shada la maua. Mimi nitakuja na nini?"

Sasa kivuko kiligonga gati la pili. Kritsada alipanda mpaka barabarani, akasikiliza. Alikuwa na mbinu yake: kuvuka pamoja na nyayo za watu. Wachuuzi walipoanza kuvuka, naye akaanza.

Ndipo vipaza sauti vya gatini vikapiga wimbo wa taifa, kama kila asubuhi ifikapo saa mbili. Waliokwisha kuvuka wakasimama wima. Waliobaki nyuma wakasimama wima. Nyayo zikafa zote mara moja, na Kritsada yuko katikati ya barabara.

Wimbo ule Wilaiwan aliusikia kila siku ya maisha yake, na hata mara moja hakukumbuka kumfundisha njia ile saa ile. Alinyanyua mguu. Mzee aliyesimama kando yake akamkazia jicho: tulia. Akatulia.

Pikipiki hazikutulia. Zilipita kulia na kushoto kwa kijana, moja ikamchezesha shati. Kritsada alibana fimbo ubavuni, akanyoosha mikono na kuinua kidevu, akasimama kama askari mpaka ubeti wa mwisho. Kisha nyayo zikafufuka, naye akatembea nazo.

Mwalimu alilia palepale, mbele ya wauza samaki.

Kwenye lango la kiwanda, mlinzi alimzuia Kritsada. "Umeletwa na nani wewe?"

"Na huyu." Kritsada akainua fimbo.

"Haya, mwambie dereva wako asiegeshe mlangoni." Mlinzi akacheka, akampeleka ndani mwenyewe.

Bibi Patcharin alitoka ofisini, akakwama. Kritsada alifuata harufu ya manukato yake, akaibana fimbo kwapani, akakutanisha viganja na kuinama barabara kumsalimu, bila kukosea upande.

"Uko na nani, mwanangu?"

"Peke yangu, Bibi. Kesho nitawahi zaidi. Kiti changu kiko wapi?"

Makarani wakainamia kompyuta zao. Msichana aliyekuwa akipokea simu akaacha simu iite.

Bibi Patcharin alimwona Wilaiwan mlangoni, kofia mkononi, machozi na tabasamu vikishindana usoni. Akamshika kiwiko kwa upole, akamtoa nje.

"Mwalimu, huyu amekuja kweli mwenyewe? Toka ng'ambo?"

"Mwenyewe, Bibi! Nimemwona kwa macho yangu."

"Na ataweza kuja kila siku?"

"Kila siku."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha, Bibi. Nakuapia."

Bibi Patcharin alishusha pumzi.

"Basi huyu hatufai. Sheria inasema tumwandike mmoja, Mwalimu. Haisemi tukae naye. Tutafutie mwingine, asiyeweza kabisa kutoka nyumbani."