Mchezo wa Kutakata

Kila mchezo wa kompyuta ulifutwa, isipokuwa ule uliosifiwa na jarida kwa maneno yaliyoiridhisha mashine ya serikali. Mama Elinami, aliyehariri jarida lake jikoni, aliutetea mchezo uliobuniwa na marehemu mwanawe, usio na mshindi: "Humu mchezaji hutakata tu." Alikusudia kutakata kwa mchezo wa bao, yaani kusogeza kete bila kula. Mashine ikaelewa usafi wa moyo, ikaupitisha.

"Baba Elinami, hawamfuti mwanetu!" akapiga vigelegele.

"Lichuma lile halijui bao!" mumewe akaangua kicheko. "Umelila kete zote pamoja na nyumba yake, mama!"

Wakachinja jogoo, wakashangilia.

Kesho yake serikali ikaamuru kila raia aucheze mchezo huo, mpaka mashine ithibitishe kwamba ametakata.