Chai ya Dakika Arobaini

Kwa miaka tisa, Kibwana alimwambia mama yake kwenye simu, "Huko kwenu mbali, mama. Siku mbili nzima barabarani!" Leo alipanda ndege kwa mara ya kwanza, na dakika arobaini baadaye, kabla hajamaliza pakiti yake ya karanga, magurudumu yaligusa ardhi.

Mama alikuwa akimsubiri kwenye uzio wa uwanja wa ndege, amejifunga khanga mpya. Alipokea chupa ya chai aliyoletewa na Kibwana, akamimina kifunikoni. Mvuke ukapanda.

"Umeinunua hapa?"

"Hapana, mama. Mkweo kaipika asubuhi, nikiwa natoka."

Mama alikikumbatia kifuniko kwa viganja viwili, asinywe.

"Kumbe inafika ya moto," alisema taratibu.

Kibwana akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.