Mahali Mto Unapopinda

Programu ya kuchora ramani za mashamba Tumsifu aliiandika mwenyewe, na mto aliuchora kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka daraja la juu hadi la chini. Ramani zilitakiwa kuchapwa mchana huo. Ndipo alipoingia ofisini Bi Mashavu, mjane wa miaka sabini, akaomba aonyeshwe shamba lake.

Alikitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, huu ni mto gani?"

"Ni huu wetu, bibi. Nimeunyoosha tu, kazi iwe rahisi."

"Basi shamba langu umelivusha ng'ambo. Hata kaburi la mume wangu sasa liko kwa jirani."

Tumsifu alivuta kibodi karibu. Aliufuta mstari, akaandika amri nyingine, ya kuchora mstari unaopinda, kisha akaweka kitone katikati yake. Kila alipokivuta kitone, mstari ulijipinda kukifuata.

"Niambie nikomee wapi, bibi."

"Vuta. Vuta tena, mpaka kwenye mkuyu. Sasa rudi taratibu, mto hauna haraka."

Kaburi likarudi upande wake. Tumsifu akashusha pumzi, akapeleka mkono kwenye kitufe cha kuchapa.

"Bado," alisema Bi Mashavu.

Kidole chake kilikuwa kikiufuata mto kuelekea ulikotoka. Kikapita shamba lake, kikapita mashamba ya wenzake, kikavuka ukingo wa kioo, kikashuka mezani na kuendelea kupinda huku na huku, na Tumsifu akasogeza vikombe kukipisha.